Bomba la Majani

Niboye, Kigali
8 Juni 2025

Kaka Frederick,

Salamu zikufikie na vumbi lake, maana barua hii inasafiri na lori la Usumani. Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Nakuandikia nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, na ameshatoa amri: kila ninachoandika nimsomee kabla sijafunga bahasha. Kwa hiyo ukiona nimekuwa mpole, ujue nina ulinzi. Tangu uliposema simu huisikii tena amefurahi kupita kiasi. Anasema sauti ya simu ikikatwa haibaki na kitu, ila barua inakaa chini ya mto. Ile yako ya Pasaka nimemsomea mara nne, pamoja na sehemu ya mbolea. Anakula kidogo. Anauliza utakuja lini.

Sasa jambo lenyewe, na uniahidi hutacheka. Nimekuwa dereva.

Unaijua ile bustani ya sherehe ya Bwana Mutsinzi kule Rebero, ninakosimamia vyombo na mapambo. Ana mashine ya kukatia nyasi, ile ambayo mtu anaikalia kama trekta dogo. Révérien aliyekuwa akiiendesha amerudi kwao Burundi. Mutsinzi akatukusanya, akauliza nani anaweza, na huu mdomo wangu ukasema, "Kaka yangu ametengeneza hizo mashine miaka thelathini." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Basi iko kwenye damu, Dada Connie. Panda." Nina miaka hamsini na miwili, na nyonga zangu unazijua. Kiti kililia.

Kukata nimeshajua. Shida ni majani makavu. Kiangazi hiki mijakaranda na migrevilea inamwaga utadhani imeajiriwa kunikomoa. Nyuma ya mashine kuna vikapu viwili vya kitambaa, na bomba la kuyapeleka majani humo kutoka kwenye visu. Kwangu mimi hayaendi. Yananisubiri nipite, kisha yanarudi kulala. Bomba linaziba kila hatua ishirini: nashuka, nachokonoa kwa mpini wa ufagio, napanda tena. Jumamosi iliyopita bibi harusi aliburuta na shela lake majani ya kushibisha mbuzi wawili.

Nifanye nini, Kaka? Jibu mpe Usumani.

Mdogo wako,
Connie


Benako, Ngara
22 Juni 2025

Mdogo wangu Connie,

Barua nimeipata. Sikucheka. Nilikaa chini kwanza, ndipo nikacheka.

Shikamoo Mama. Migomba ya Baba inazaa, na ule upande wa bondeni nimeupalilia kama ulivyoagiza. Mimi mzima. Masikio tu, na hayo si ugonjwa, ni pensheni niliyopewa na injini. Kuhusu kuja: kuna maharage ya kupiga, halafu kuna paa. Tutaona.

Sasa wewe dereva. Najua unavyoendesha bila kuona. Unabana mafuta, unaweka resi chini, kisha unakimbia ili umalize. Fanya kinyume. Bomba halibebi majani, kinachoyabeba ni upepo wa visu. Visu vikizunguka polepole hakuna upepo, na wewe ukikimbia unaupa mzigo usiouweza. Resi juu kabisa, mwendo uwe wa padri kwenye maandamano ya Ekaristi. Usimeze upana wote wa mashine, pita nusu nusu. Inua visu juu kidogo kuliko unapokata nyasi. Na usianze alfajiri ukadhani ni bidii. Ngoja umande ukauke, saa nne hivi. Jani bichi linaganda kwenye bati linalofunika visu kama ugali sufuriani.

Kabla hujachokonoa, zima na utoe ufunguo. Ninaye mwenzangu anayehesabu mpaka saba kwa vidole vyake vyote.

Kaka yako,
Frederick


Niboye
6 Julai 2025

Kaka mpendwa,

Tunaendelea, tunashukuru. Mama amecheka sana hapo kwa padri, mpaka nikampa maji. Tumehamisha kitanda chake kikae dirishani. Analala zaidi siku hizi, lakini barua ikija anaamka mwenyewe kabla sijamwita, sijui anainusa.

Nimekuwa padri. Wafanyakazi wenzangu wananiimbia nyimbo za kanisa nikipita. Na yanaingia, Kaka! Kikapu kimoja kilijaa nusu, nikataka kukipiga picha.

Basi nikaharibu. Niliona visu vimekuwa butu, nikasema dada wa fundi hawezi kushindwa na spana. Nikavifungua, nikavipiga tupa mpaka vikang'aa, nikavirudisha. Tangu siku hiyo mashine inanguruma, inatetemeka, na hainyanyui hata jani moja. Nyasi zimekatwa kama kichwa cha mtoto aliyejinyoa mwenyewe. Mutsinzi alisimama akatazama, akasema, "Hiyo damu yenu, mbona iko inatembea kwa upande mmoja tu?"

Mama anasema usiache maharage kwa ajili yake. Nimeandika kama alivyosema. Sasa anasema nifute hilo "kama alivyosema". Sifuti.

Connie


Benako
27 Julai 2025

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Shikamoo Mama. Maharage tumepiga, magunia matano na debe.

Umefunga visu kichwa chini. Kila kisu kina mabawa mawili yaliyopinda huko mwishoni. Mabawa hayo ndiyo yanayovuta hewa na kurusha majani. Lazima yatazame juu, kwenye bati, na sio ardhini. Usione haya. Mwaka wangu wa kwanza kiwandani nilifanya hivyo hivyo kwenye mashine ya nyumba ya meneja, na mimi sikuwa na kaka wa kumwandikia. Ukivigeuza, kaza nati kwa nguvu zote za hizo nyonga.

Pia kwangua lile tope la nyasi lililoganda chini ya bati. Halafu ng'oa vikapu, uvifue kwa sabuni, uvianike. Kitambaa chake kina matundu madogo ili upepo utoke. Vumbi likiyaziba, kikapu kinakuwa puto: kimejaa hewa, majani yatakaa wapi?

Kwa nini kitanda kimehamishwa?

Frederick


Niboye
17 Agosti 2025

Kaka Frederick,

Amani kwako. Maharage magunia matano, hongera. Tutume mkono wa kuomba au tusubiri uje nayo?

Nimegeuza visu. Nimekwangua, nimefua, nimeanika. Sasa nakwenda kutoka kwenye geti mpaka kwenye jukwaa la maharusi bila kushuka. Mutsinzi amenipigia saluti. Kilichobaki ni bomba lenyewe. Révérien aliwahi kulibamiza kwenye ukingo wa maua, limeingia tumbo katikati, na majani ya mvumu, yale mapana, yanaziba palepale.

Umeuliza kitanda. Mama anasema niandike kwamba kule mwanzo hakukuwa na mwanga wa kutosha. Basi, hakukuwa na mwanga.

Juzi tulikwenda hospitali Kanombe. Daktari ni kijana mpole, aliongea na sisi muda mrefu. Amesema turudi naye nyumbani, hakuna haja ya kulala pale tena. Kaka, umesoma hapo? Soma tena.

Mama anasema imla imeanza, niandike neno kwa neno: "Ferede mwanangu, mimi niko vizuri. Mara ile ya homa uliacha kazi ukaja mbio, ukanikuta nachuma mbogamboga, na kiwandani wakakufukuza. Nilijilaumu miaka. Usije mbio tena. Njoo ukiwa na nafasi." Hayo ni ya kwake. Ya kwangu ni kwamba nafasi mtu anaitafuta.

Connie


Benako
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Connie,

Nimekawia kuandika, samahani. Nimefurahi mno kusikia daktari amemruhusu Mama nyumbani. Nilimwambia hata Pretty wa dukani hapa jirani, akanipa soda ya bure.

Kuhusu bomba, sahau kulinyoosha. Bati likishaingia tumbo haliwi tena laini, na majani yanatafuta mahali pa kushika. Nakutengenezea jipya. Nimekata pipa, nimelikunja kwenye gogo, ndani nimelisugua kwa msasa mpaka uso wangu unaonekana, bahati mbaya kwangu. Mdomo wa kuingilia nimeuacha mwembamba na huko juu nimelitanua, ili lisikabwe. Pale bati linapoungana, la chini linaingia ndani ya la juu, jani lipite lisikwame kwenye ukingo. Limebaki kupigwa ribiti za kuunganisha bati. Hapa hakuna zinazofaa, nimeagiza Kahama.

Nitakuja nalo mwenyewe. Mwambie Mama. Siwezi kuja mikono mitupu kukaa tu pale sebuleni kama gogo, watu wanaongea, nami natazama midomo. Nikiwa na kitu cha kufunga, nitakuwa na la kufanya. Ribiti zikifika, nakuja.

Frederick


Niboye
21 Septemba 2025

Kaka,

Hii Mama hajaisikia. Amelala.

Liache bomba. Vikapu vinajaa vya kutosha. Njoo na basi la kwanza utakalolipata, ni nusu siku tu. Njoo ukae sebuleni kama gogo. Gogo ndilo tunalolitaka.

Nimeandika sentensi nyingine hapa nikaichana. Nilimwapia.

Usumani ameniambia anapita kwenu kesho.

Connie


Benako
2 Novemba 2025

Mdogo wangu Connie,

Natumaini watu wote wamerudi makwao salama na nyumba imetulia. Natumaini unalala. Hapa mvua imeanza.

Hatukuongea wewe na mimi. Wiki nzima nilikaa kwako, watu wakiingia na kutoka, na mimi nikishika mikono ya watu na kutikisa kichwa. Sasa nasema hapa.

Barua yako ya tarehe 21 Usumani amenipa baada ya mimi kurudi huku. Giaboksi yake ilimfia Kayonza, akakaa hapo wiki mbili, na barua ikiwa kwenye kava la kiti. Alinipa huku analia. Nilimwambia hakujua alichobeba, asilie. Hata mimi ningeipata mapema, sijui kama ningeelewa. Ulikuwa umeshaniandikia daktari alivyosema, ukaniambia nisome tena. Nilisoma tena. Nilifurahi tena.

Nataka ujue zile siku tatu. Jumanne Pretty alikuja mbio na simu mkononi. Akachukua kipande cha boksi, akaandika: MAMA ANAUMWA, UNAITWA KIGALI. Nikamuuliza, sana? Akatazama chini, akaonyesha kwa vidole: kidogo. Simlaumu. Habari ile haiandikwi kwenye boksi la sabuni ukampa mtu aliyesimama peke yake shambani. Hata mimi nisingeiandika.

Ribiti zilikuwa zimefika Jumatatu. Nikasema, kidogo, basi nimalize. Jumatano nikapiga ribiti. Alhamisi nikalipaka rangi nyekundu, ifanane na mashine, nikakaa kuisubiri ikauke. Nilikaa kivulini, Connie, natazama rangi ikikauka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba saa zile mlikuwa mmesimama makaburini mkiningoja, mpaka padri akasema haiwezekani tena.

Ijumaa nikaingia uani kwako na bomba begani. Niliona viti vya kukodi, nikadhani kuna sherehe ya bustani mmeileta nyumbani. Nikakuona. Ulisema kitu. Niliona tu mdomo.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka mpya nilipokuja kuwasalimu, Mama alinishika mkono siku ya kuondoka, pale kwenye kochi, akaniuliza jambo. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, wala midomo yake sikuiona vizuri, alikuwa ameinama. Nilimwomba arudie mara moja. Akarudia. Sikusikia. Niliona haya kuomba mara ya pili, nikasema ndiyo. Akanitazama muda, kisha akaniachia mkono. Ndiyo maana sikuja tena. Maharage, paa, ribiti, yote hayo ni kwamba niliogopa atauliza tena, au ataona sijatimiza nilichokubali.

Wewe ulikuwepo nyumbani siku ile. Aliniuliza nini? Kama ni kitu cha kufanya, nikifanye sasa.

Kaka yako,
Frederick


Niboye
16 Novemba 2025

Kaka yangu,

Nashukuru kwa barua. Watu wamerudi makwao, ndiyo. Vikombe vitatu vya wenyewe vimebaki kwangu na vyangu viwili havionekani, kwa hiyo msiba umekwisha vizuri. Kulala nalala saa chache. Naamka kumgeuza, kisha nakumbuka.

Bomba nimelifunga mwenyewe. Limekaa bila kulazimishwa, bolti zote nne. Majani ya mvumu yanapita, na hata haya yaliyolowa mvua yanapita. Vikapu vinajaa mpaka juu, nalazimika kumwita mtu tusaidiane kuvimwaga. Mutsinzi aliliinamia akapitisha kidole kwenye maungio, akauliza kama kaka yangu anapokea kazi. Nikamwambia kaka yangu amefiwa. Jumamosi iliyofuata watu waliitembelea bustani wakaisifu, na mimi nilikuwa nimeegesha nyuma ya jiko, nimekaa juu ya mashine, nalia, kofia ya jua kichwani. Mpishi aliniletea chai.

Umeniambia yako, nami nikuambie yangu. Mwezi wa Juni tayari tulikuwa tunajua. Mama alinishika akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ya ile kazi uliyoipoteza. Ndiyo maana alitaka kusikia kila barua kabla haijafungwa. Nilikuwa na namba ya Pretty muda wote huo. Nilishika simu mara tatu. Mara ya tatu iliita, akapokea, nikamuuliza bei ya maharage huko kwenu. Na ile Jumanne, Pretty aliniuliza akwambie vipi, mimi ndiye niliyesema, "Mwambie taratibu." Alikwambia taratibu. Alifanya nilichomwomba. Kwa hiyo zile siku tatu usizibebe zote, mbili ni zangu.

Nilikuandikia habari za majani, Kaka, kwa sababu hizo niliruhusiwa. Nawe ulinijibu habari za majani, na Mama alizipenda. Mpaka mwisho alikuwa anaweza kueleza mabawa ya kisu yatazame wapi. Alimweleza muuguzi, akionyesha kwa kiganja: juu, juu.

Sasa swali lako. Barua yako ninayo wiki nzima, na kila siku nimetunga jibu. Nilitaka kukuandikia kwamba aliuliza kama umeshiba. Nilitaka kusema aliuliza kama utapalilia bondeni, maana hilo ulishalifanya, ungepumua. Ningeweza kukupa hilo, na usingejua kamwe. Ila nimekudanganya tangu Juni hadi Septemba kwa mwandiko huu huu, na mkono umekataa.

Sijui, Kaka. Nilikuwa jikoni, nakukaangia ndizi za safari, mafuta yanalia. Sauti ya Mama haikunifikia. Jioni nilimuuliza mlikuwa mnaongea nini, akasema, "Ya kwetu."

Nilichokisikia ni jibu lako tu, kwa sababu siku hizi unapaza sauti bila kujua. "Ndiyo, Mama." Ulilisema mara mbili. Lilifika mpaka jikoni.

Dada yako,
Connie